Picha za Injinia kwenda Australia

Mkubwa akinipa maelezo huwa naitikia kabla sijaelewa, kwa aibu ya kuuliza mara mbili. Tabia hiyo imeniumbua kwenye ujenzi wa zahanati huku Ruponda.

Injinia wetu, dada Zuhura, ameomba kwenda kufanya kazi Australia. Wakaguzi wa kule walitaka kuona picha za kazi aliyosimamia, ndipo wamtambue kuwa injinia wa majengo. Asubuhi ya kumwaga zege la msingi akaitwa mjini Ruangwa, akaniagiza akiondoka.

"Dogo, piga picha za msingi kabla ya zege. Zinaenda kwa Wazungu."

"Sawa, Injinia."

Mimi nilishika neno Wazungu tu. Kwetu picha ya kwenda mbali haipigwi na nguo za kazi. Nikawaambia mafundi wakabadilishe. Wakarudi na kanzu za Idi, na fundi Bosko akavaa suti aliyofungia ndoa. Nikawapanga mbele ya mtaro wa msingi bega kwa bega, ili vile vyuma vyenye kutu vilivyolazwa mtaroni visiharibu picha. Nikapiga kumi na mbili. Kisha wakavua, tukamwaga zege.

Jioni Injinia alizifungua mbele yetu sote.

"Mmependeza kweli. Sasa nondo ziko wapi? Wale wanataka kuona nilivyozipanga nondo."

Fundi Bosko akaninyooshea kidole.

"Ziko nyuma ya kanzu, Injinia," nikasema.

"Basi twende ukazipige upya."

Nikamwonyesha zege. Lilikuwa limeshashika, safi na tambarare, kama alivyotufundisha mwenyewe.