Mke wa Kaini

Nilipoanza kufundisha Wingwi, Pemba, mwenye nyumba wangu, bibi mmoja mjane, aliniita uani nimsaidie kuchambua karafuu. Majirani zake walikuwa wameshakaa mkekani, wanatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Bibi akaniuliza, "Mwalimu, nyie Wakristo mnasemaje? Yule mwana wa Adamu alomuua nduguye, mke kamtoa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni: alimwoa dada yake, maana Adamu alizaa wana na mabinti, na watu wote tumetoka nyumba ile moja. Lakini kwetu bara nilionywa nisibishane dini na mtu Pemba. Nikadhani ni mtego. "Sijui, Bi," nikasema. Akainamia karafuu zake, wala hakuniuliza tena.

Mwaka huu amefariki. Msibani binti yake akaniambia, "Majirani walimlaumu mama kwa kumweka mtu asiye wa dini yetu. Akawaambia, huyu ni ndugu yetu kwa Adamu, njooni tuchambue karafuu mumsikie mwenyewe."

Walikuja, wakanisikia nikisema sijui.