Misumari ya Baba Kwenye Paa la Lori

Baba yangu ameezeka nusu ya makanisa yaliyo kati ya Bumula na Kimilili, na nikisema nusu sitii chumvi sana. Mabati akiyapigilia yeye hayavuji, na upepo wa mlimani haujawahi kung'oa hata moja. Nililelewa chini ya ngazi yake. Kazi yangu ilikuwa kumpokeza misumari kutoka chini, maana kwetu mwanamke hapandi juu ya paa, na binti wa mwezekaji ndiye wa kwanza kutazamwa. Mapaa yote ya utotoni mwangu niliyajua kwa upande wa chini.

Nilipokuwa mtu mzima nilienda Kitale, nikafanya kazi miaka sita katika karakana ya jua kali iliyotengeneza bampa na matangi ya faiba. Huko hakuna aliyejali kama mimi ni mwanamke, mradi kazi itoke. Nilijifunza kukata kile kitambaa cha nyuzi za kioo, kupima dawa ya kugandisha, na kuvumilia vumbi linalowasha mpaka ndani ya kola. Baadaye nikanunua lori dogo la boksi, la mkono wa pili, nikapata kazi ya kusambaza mikate kutoka kiwanda kimoja kidogo cha Kitale hadi maduka ya Kimilili na Bungoma. Paa la boksi hilo ni la faiba nyeupe inayopitisha mwanga. Mchana huhitaji taa kuitafuta kreti ya mwisho.

Siku moja nikitoka Kimilili nilisikia kitu kikipiga makofi juu yangu. Ukingo wa mbele wa paa ulikuwa umeng'oka kwenye riveti zake, na kila nilipoongeza mwendo ulivimba na kushuka. Kwa wazazi wangu hapakuwa mbali, nikaingia pale. Baba alilizunguka lori mara mbili, mikono nyuma. Kisha akaleta ngazi, nyundo, misumari ya mabati na matairi manne yaliyokwisha, yale tunayoweka juu ya nyumba ili upepo usibebe bati.

"Hii ni kazi ya dakika kumi, mama," akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Faiba haipigiliwi misumari. Bati hukubali msumari, lakini faiba hupasuka, na ufa wake hutembea. Na tairi linalotulia juu ya nyumba haliwezi kutulia juu ya kitu kinachoruka matuta. Haya niliyajua kuliko mtu yeyote katika boma lile. Lakini baba alikuwa juu ya ngazi, majirani wanamtazama, na mkono wangu ulishazoea. Nikampokeza misumari, mmoja mmoja, kama nilipokuwa darasa la tatu.

Wiki hiyo hiyo mvua ilinikuta njiani. Kila msumari ulikuwa umezaa ufa, na kreti zote za mbele zililowa. Mwenye kiwanda, mama mmoja anayekasirika bila kupandisha sauti, alibonyeza mkate kwa kidole, akauacha mezani.

"Mkate ikilowa tena, hiyo njia nitapea mtu mwingine," akasema. "Si kwa ubaya."

Ningeweza kulitengeneza paa hilo Kitale, kimyakimya, na baba asijue hadi leo. Nilifikiria hivyo siku nzima, kisha nikajionea aibu. Kung'oa kazi ya fundi akiwa hayupo ni kumsengenya. Kung'oa mbele yake nako ni kumvunja, na baba alikuwa katika umri ambao mtu akivunjwa haungiki upesi. Njia ya mikate ningetafuta nyingine. Baba ninaye mmoja, nikaona heri nimwambie ukweli kwanza, kisha nifanye kazi mbele yake.

Jumapili kiwanda hakioki. Nilifika nyumbani asubuhi na drili, resini na dawa yake ya kugandisha, kitambaa cha faiba, riveti, silikoni na mikanda bapa ya alumini. Baba alikuwa ametoka ibada ya kwanza, bado amevaa koti.

"Baba, paa imevuja," nikasema. "Mikate ilinyeshewa."

"Imevujia wapi?"

"Kwa misumari. Faiba haitaki misumari. Nilijua, na sikukwambia."

Aliinua macho kwenye matairi yake manne juu ya lori.

"Ulijua," akasema. "Ukanipatia misumari na ulijua."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni cha lori. "Sasa nani atapanda? Mimi hiyo dawa yako siijui."

Jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye ua, mzee anayelinda mila za watu wengine kuliko zake. "Mwanamke hapandi paa, bana," akamwambia baba. "Na hapa ni kwako."

Baba alipiga gurudumu teke. "Hii ni nyumba? Nyumba inaenda Kitale na kurudi? Ingekuwa nyumba, misumari yangu ingeshika." Akaegemeza ngazi, akaishika kwa mikono miwili. "Panda, mama."

Nilipanda, na sikumbuki kama niligusa vidato vyote.

Nilishusha matairi, ambayo matuta yalikuwa yameyasukuma hadi nyuma. Nililaza ubao juu ya mbavu za boksi nisije nikakanyaga faiba tupu. Niling'oa misumari yote, baba akiipokea chini kwa kofia yake. Mwisho wa kila ufa nilitoboa kitundu, maana ufa ukikuta duara husimama. Nikapiga msasa, nikalaza vitambaa, cha juu kikubwa kuliko cha chini, nikavilowesha resini na kuyafukuza mapovu kwa brashi. Jua likaigandisha. Ukingo wa mbele niliutia silikoni, nikaubana kwa mkanda wa alumini na riveti za vichwa vipana, nikianzia katikati kwenda pembeni ili faiba isijikunje. Baba aliuliza kila hatua, nami nikamjibu bila haraka. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, nasema bila haya. Ukipitisha kidole hujui kiraka kinapoanzia.

Mvua ilikuja saa tisa, ile ya kwetu isiyopiga hodi. Baba akaingia ndani ya boksi. "Funga," akasema. Nikafunga milango, nikabaki nje nikinyeshewa, nikisikiliza nyayo zake zikienda mbele, zikisimama, zikirudi. Alikaa humo mpaka mama yangu akatoka jikoni kuuliza mzee amepotelea wapi. Nilipofungua alikuwa mkavu, kiganja chake bado kimegusa dari.

"Hakuna tone," akasema, akaenda kunywa chai.

Jumatatu mikate ilifika mikavu, na njia ni yangu mpaka sasa.

Mwezi haukuisha kabla baba hajanipigia simu kutoka Bumula. Kulikuwa na mtu mwenye lori la kubebea magodoro, paa limeinuka, na watu wote wamemwelekeza kwa baba. Nilimsikia yule mtu kwa nyuma akimsihi mzee asikatae kazi.

"Sikatai," baba akamwambia, simu ikiwa bado sikioni. "Hii siijui. Lakini ngoja nikupatie fundi mwenye alinifundisha."

Kisha akampa simu.