Neti Imeharibika

Watu wa Nairobi huja Voi kutafuta utulivu. Hushuka kwenye gari moshi, hufika kwetu, husifu milima, husifu hewa, na kabla hawajaketi huuliza neno la siri la waifai. Nimepangisha nyumba yetu ya mbele kwa wageni wa siku mbili tatu kwa muda sasa, na sijapata hata mmoja aliyeuliza kwanza jina la mlima.

Nyumba yenyewe imejibanza nyuma ya kilima cha mawe, mahali ambapo simu hushika mtandao kwa kubahatisha. Intaneti huletwa na kisanduku cheupe kilicho juu ya kabati la vyombo, na kisanduku hicho kina hiari yake. Kikiamka vizuri, unatazama hata video. Kikinuna, barua pepe moja inachukua asubuhi nzima. Mimi nafanya kazi ofisini Mwatate, kwa hiyo malalamiko hunifikia kwa simu. Mama yangu, anayeishi nyumba ya nyuma, ndiye mikono na miguu yangu pale.

Kujibu malalamiko nilikugeuza kuwa fani. Upepo ukivuma, nilisingizia upepo. Usipovuma, nilisingizia umeme. Siku moja nilisingizia ndovu, kwamba wameangusha mlingoti, na mgeni akafurahi kuliko vile angefurahia intaneti. Akataka kujua kama wangali pale awapige picha. Mtu pekee aliyewahi kuusifu mtandao wetu alikuwa mtafuta madini aliyetoka kukaa wiki tatu machimboni Kishushe, kusikofika mtandao. Huyo hata ungempa redio ya betri angeshukuru.

Kisha akaja binti mmoja kutoka Rukanga. Alikuwa amemaliza chuo miaka mitatu nyuma, na tangu hapo alikuwa kwa wazazi wake chini ya mlima Kasigau, akiwasaidia kulima pojo na kutuma maombi ya kazi. Hatimaye kampuni moja ya ng'ambo ilikubali kumhoji kwa video, Alhamisi saa nne asubuhi. Kwao mtandao ni wa shida, kwa hiyo akaja Voi siku moja kabla, akachukua nyumba yetu ili mambo yasiharibike.

Asubuhi ya Alhamisi, yapata saa mbili na nusu, ujumbe wake ulinikuta mkutanoni: "Habari ya asubuhi. Net imekataa kabisa tangu jana. Tafadhali nisaidieni, niko na interview saa nne."

Nilitoka kwenye korido, nikampigia mama.

"Mama, mgeni wa mbele anasema neti imeharibika. Nenda sasa hivi, ana intavyuu saa nne."

"Neti?"

"Neti, mama. Fanya haraka."

"Nimeelewa, mwanangu. Rudi kwa kazi yako."

Nikarudi mkutanoni roho imetulia. Nilikuwa nimemfundisha mama cha kufanya: chomoa waya wa kisanduku, hesabu mpaka thelathini, chomeka tena.

Ila lazima nimtetee mama hapa. Kwake yeye kile kisanduku huleta mtandao, kama wasemavyo watangazaji wa redio, na neti ni kitu cha kuzuia mbu. Kiswahili chake kilikuwa sawasawa. Changu ndicho kilichokuwa na walakini.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili. Mama alifika na sindano, uzi na neti mpya aliyokuwa akiitunza sandukuni. Wakasalimiana kwa Kidawida, binti akamshukuru Mungu, akasema, "Mama, hii net imenitesa sana."

"Naona, mwanangu. Kaa hapo nje upate hewa. Naitengeneza."

Binti akakaa barazani na kompyuta mapajani, ameshavaa koti lake jeusi. Kila baada ya dakika chache aliuliza, "Net imekuwa sawa?" na mama akamjibu kutoka ndani, "Bado kidogo, naikaza." Hakuna aliyesema uongo hapo. Walielewana vizuri kabisa kwa muda wa saa nzima.

Mama alikuwa pia amelitafakari lile neno intavyuu. Akaona kwamba kuna wakubwa wanakuja kumhoji mtoto wa watu, na haiwezekani wakute chumba ovyo. Akafagia, akatandika shuka mpya, akachemsha chai ya maziwa, akapanga mezani vikombe vinne na sahani ya mahamri. Ilipobaki robo saa akamwita.

"Njoo uone."

Binti akaingia mbio. Neti ilikuwa nyeupe pe, imefungwa fundo katikati na utepe wa waridi. Aliniambia kwamba alicheka kwanza. Kisha akaangalia juu ya kabati, akaona taa nyekundu ya kisanduku, akalia.

Wakachomoa waya, wakahesabu thelathini, wakachomeka. Wapi. Akajaribu bando la simu yake, akipanda na kushuka kile kilima na koti lake jeusi, mama nyuma yake amebeba kompyuta. Saa nne na dakika kumi wale wa ng'ambo walimwona, lakini sauti haikwenda. Saa nne na robo picha yake iliganda mdomo ukiwa wazi. Saa nne na nusu waliandika kwamba wamempisha mwingine, na kwamba wanamtakia kila la heri.

Nilipompigia mchana nilikuwa nimetayarisha maneno yangu ya kawaida. Hakunipa nafasi. Wala hakufoka, na afadhali angefoka.

"Nilichagua kwenu kwa sababu mliandika intaneti ya kasi," alisema. "Mngeniambia tu ukweli, ningetafuta mjini."

Nilisikia aibu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa shule.

Jioni nilishuka Voi. Nikamkuta mama kwenye ile nyumba, ameketi mbele ya vikombe vinne, viwili visafi. Binti alikuwa ameshaondoka. Mama alisema hatalala, kwamba amemharibia mtoto wa wenyewe kazi kwa sababu ya uzee na neti. Ingekuwa rahisi kumwacha aamini hivyo, na nakiri kwamba nilishawishika.

"Si wewe, mama," nikasema mwishowe. "Hata ungeelewa, kile kisanduku kisingeamka. Ni mimi nilimdanganya. Niliandika tuna intaneti ya kasi."

"Uliandika wapi?"

Nikamfungulia kwenye simu lile tangazo la nyumba ambalo wageni husoma. Nililiandika kwa Kiswahili na Kizungu, nisimpoteze mgeni yeyote. Akavaa miwani, akasogeza simu mbali kidogo, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Nilingoja anikaripie. Akafika katikati, akasimama, akaweka kidole juu ya kioo.

"Na hapa umeandika maji hayakatiki," alisema.

Maji yalikuwa yamekatika tangu Jumanne.