Norma Stobbs na Mwanamume wa Bandani

Niseme mapema: mimi njiwa siwapendi. Wananyea nguo nilizoanika, wanaguna alfajiri mtu hajapiga hata mswaki, na nimegombana na Norma Stobbs kwa ajili yao mpaka nimechoka. Kwa hiyo nikikwambia kwamba siku moja niliwalilia njiwa hao hao machozi ya furaha, tena mbele ya hakimu, ujue sisemi kwa mapenzi.

Norma ni jirani yangu ukuta kwa ukuta hapa Ashington, kaskazini mwa Uingereza, na ni mwenzangu jikoni shule ya msingi, yeye kwenye viazi, mimi kwenye masufuria. Mwanamke mfupi, kifua mbele, hacheki ovyo. Mtoto akibakisha karoti kwenye sahani Norma anamwangalia tu, na karoti inaliwa. Kazaliwa mtaa huu huu, kaolewa bado msichana na Les Stobbs, mchimba makaa. Migodi ilipofungwa, Les alibaki na kitu kimoja tu cha kumtoa kitandani asubuhi, njiwa wa mashindano. Banda alilijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba, akalipaka kijani na nyeupe. Rafiki yake Eddie Raine, dereva wa basi, akaingia naye ubia, maana Eddie anaishi na dada yake juu ya duka la chipsi na huko hata dirisha halifunguki vizuri, sembuse kufuga.

Les alikufa kwa mapafu. Kesho yake, kabla hata hajaagiza maua, Norma alishika simu akaipigia Ofisi ya Misaada kuwaambia nyumba sasa ina mtu mmoja. Nilikuwepo, nimemshikia kikombe cha chai.

"Norma, si ungengoja tuzike kwanza?" nikamwambia.

"Wakinilipa ya watu wawili watakuja kunidai, Mwanaidi. Mimi hela isiyo yangu sipati usingizi nayo."

Basi wakampangia msaada wa mjane anayeishi peke yake. Ukiuchanganya na kimshahara chake cha jikoni, kodi ililipika na nyumba ikapata joto. Maisha yakaenda. Eddie akaendelea kuja kwenye banda asubuhi kabla ya zamu na jioni baada ya zamu, kwa sababu njiwa wa mashindano hahamishiki. Alipoanguliwa ndipo kwao. Mfungie kwingine mwaka mzima, umlishe asali ukitaka, siku ukimwachia anarudi pale pale. Na kwa kuwa ndege wote walikuwa wameandikishwa kwenye chama cha wafugaji kwa jina la Les, Eddie akawaandikisha upya kwa jina lake mwenyewe, na kwenye anwani akaweka nyumba ya Norma. Huku kila mfugaji anaweka anwani ya banda. Ndege akipotea, aliyemwokota ajue pa kumrudisha, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo.

Ila kompyuta ya Ofisi haijawahi kufuga njiwa. Iliona jina la mwanamume kwenye nyumba ya mjane, ikaona mwanamume mwenyewe ana mshahara, na ikapiga hesabu zake. Norma akaletewa barua: hali ya nyumba yako imebadilika na hukutuambia, unaishi na Bwana Raine kama mke na mume, umelipwa kupita kiasi tangu mwaka juzi, turudishie karibu pauni elfu nane. Mpaka ziishe tutakukata kila mwezi.

Nilimkuta ameketi ngazini na koti bado mwilini. Sijawahi kumwona Norma ameketi mchana.

"Hizo pauni sawa, nitalipa mpaka kaburini," aliniambia. "Lakini wameandika nimemweka Eddie kwenye kitanda cha Les. Wameandika, Mwanaidi. Kuna mtu kakaa mezani akaandika hivyo."

"Eddie? Eddie Raine? Wana wazimu hao! Nani atamtaka Eddie?"

"Ndiyo nashangaa mimi."

Wakamwita kumhoji. Mimi nilikuwa kazini, akaenda peke yake, na hapo ndipo alipokwenda kujichimbia shimo. Jioni alinihadithia huku anamenya viazi vya nyumbani kwake kama hajashiba vya shule.

"Wakaniuliza, Bwana Raine anakula kwako? Nikasema ndiyo, Jumapili, nyama ya kuoka na viazi, nimwache afe njaa? Wakauliza, mnagawana fedha? Nikasema zawadi tukishinda, nusu kwa nusu, ndivyo alivyofanya Les. Wakauliza, huwa analala hapo? Nikasema ndiyo, mara moja moja, msimu wa mashindano ya Ufaransa."

Nikadondosha kisu. "Wee Norma! Si analala bandani!"

"Najua."

"Kwenye kiti kibovu! Anangoja ndege warudi kutoka huko Ufaransa!"

"Hawakuniuliza analala wapi. Nimeulizwa analala hapo, nikajibu. Mimi siongezi wala sipunguzi."

Nilitamani kumzaba kibao. Mwanamke mzima, mkweli mpaka anajiangamiza! Aliomba waangalie upya, wakakataa, wakamjibu kwamba yeye mwenyewe amekiri. Makato yakaanza. Kufikia majira ya baridi alikuwa anawasha joto chumba kimoja, na mimi nikawa napika mchuzi mwingi makusudi halafu namdanganya kwamba umebaki. Anaujua uongo wangu, lakini alikula.

Tukakata rufaa kwenye baraza huko Newcastle. Huku nyuma akajitokeza bwana mmoja wa Blyth, mji wa jirani, mfugaji mkubwa, akataka kununua banda zima, ndege wote wa Les. Bei nzuri, isingefuta deni lakini ingelipunguza. Ila ndege hao wasingeruka tena. Ukinunua njiwa mkubwa unamfungia maisha, unachukua mayai tu, maana ukimfungulia mlango anarudi kwao. Norma akampa neno lake: tukishindwa kwenye baraza Alhamisi, Jumamosi lete gari. Eddie aliposikia alitoka nje akaenda kusugua banda ambalo lilikuwa safi.

Alhamisi ikafika. Eddie akaja kutuchukua na gari lake kwenda Newcastle, kavaa suti aliyovaa kwenye mazishi ya Les. Nafungua mlango wa nyuma, nini kinanitazama? Kikapu. Macho mekundu tele.

"Eddie," nikasema, "usiniambie."

"Wiki hii kuna mashindano, Mwanaidi. Lazima warushwe kwa mazoezi. Newcastle ni mwendo mzuri, siwezi kupoteza safari."

"Leo? Mwenzio anakwenda kuhukumiwa kwa ajili ya hawa mashetani wako, na wewe unawapandisha gari moja na yeye?"

"Mwache," Norma akasema kutoka kiti cha mbele. "Pengine ndiyo mara yao ya mwisho."

Nikapanda nikakaa na kikapu pajani, natema manyoya mpaka mjini. Kwenye maegesho nyuma ya jengo la baraza, Eddie akakiweka kikapu juu ya boneti, akatazama mawingu, akafungua. Wakatoka kwa kishindo wote pamoja, wakazunguka paa la jengo mara moja, wakashika njia ya kaskazini. Norma aliwafuata kwa macho mpaka hawaonekani. Kisha akanyoosha sketi yake tukaingia.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni na mafua mabaya. Upande wa Ofisi kakaa kijana mmoja, mpole tu, sina neno naye, kazi aliyotumwa ndiyo hiyo. Akasoma alichonacho: mwanamume anaonekana akiingia nyumba ile kila asubuhi na kutoka jioni, anakula pale, fedha wanagawana, imekiriwa kwamba hulala pale, na yeye mwenyewe ameandikisha anwani pale. Alivyolipanga, hata mimi nisingekuwa jirani ningesema hawa wameoana.

Hakimu akamgeukia Eddie. "Bwana Raine, una kwako?"

"Ninako, mheshimiwa. Juu ya duka la chipsi, na dada yangu."

"Sasa mtu mwenye kwake anaandikishaje anwani kwa mwanamke mwingine?"

Eddie akafungua mdomo, akaufunga. Eddie, ambaye kwenye basi anaongea na kila abiria! Akawa mwekundu mpaka masikio. "Ni ya njiwa," akasema kwa sauti ya chini.

"Njiwa hawaandikishi anwani," kijana wa Ofisi akasema kwa upole. "Jina lililoandikwa ni lako."

Na hapo hapo simu ya Eddie ikalia. *Ting.*

Mungu wangu, nilitaka kuingia chini ya meza. Hakimu akavua miwani. Eddie anapapasa mifuko, simu ikalia tena. *Ting, ting.* Kisha ikaachia mfululizo, haivuti pumzi.

"Zima kitu hicho!" nikamfokea, nikasahau kabisa niko wapi.

"Bwana Raine," hakimu akasema, "kuna jambo la dharura?"

"Hapana, mheshimiwa. Ndio hao wanaingia."

"Wanaingia nani?"

"Njiwa. Tumewaachia hapo nje kabla hatujaingia. Wana pete mguuni. Wakikanyaga mlangoni mwa banda, simu inaniambia."

Hakimu akatazama dirishani, kama anayedhani atawaona. "Wameingia wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa. Kwa Norma."

"Ni wako, lakini wamekwenda kwa Bibi Stobbs."

"Wataenda wapi kwingine? Walianguliwa pale. Les ndiye aliyewalea. Mimi nimewalisha mwaka wa ngapi sasa, na hakuna hata mmoja atakayenifuata mimi kwenye chipsi." Sasa ulimi wake ulikuwa umefunguka. "Anwani ile si yangu, mheshimiwa. Ni yao wao. Akipotea mmoja akaokotwa Scotland huko, apelekwe kwangu akafanye nini? Akakaangwe na samaki?"

Kijana wa Ofisi aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka, maskini, na anajitahidi asionekane. Hakimu hakucheka. Akamgeukia Norma.

"Bibi Stobbs, ulisema hulala kwako."

Norma akasimama. Hakuambiwa asimame. "Hulala bandani. Wale wa Ufaransa wakichelewa hufika na jua la kwanza, lazima mtu awepo. Anakaa kwenye kiti cha Les na blanketi la mbwa aliyekufa zamani. Simruhusu kukanyaga zulia langu na viatu vile, mheshimiwa, achilia mbali kitanda." Akavuta pumzi, nami nikajua la moyoni linakuja. "Mimi nimeishi na mwanamume mmoja. Kesho yake alipokufa, hata sijamzika, niliwapigia simu nikawaambia nimebaki peke yangu. Mnajua uchungu wa kuitamka sentensi ile kwa mtu usiyemjua? Nikaitamka. Sasa wananiambia nilidanganya. Wanikate hela wakitaka. Lakini waseme kwamba niko peke yangu, maana niko peke yangu."

Mimi nilishaanza kulia. Nililia kwa sauti, sijali. Simu ya Eddie ikalia tena mara moja, *ting*, ya mwisho.

"Huyo nani?" hakimu akauliza, taratibu.

Eddie akatazama. "Bi Kizee wetu. Jike la kijivu. Huwa wa nyuma siku hizi, lakini hufika."

Tukatolewa nje. Sikupata hata muda wa kumalizia kashata niliyobeba, tukaitwa tena. Hakimu akasema kwa pua yake iliyoziba kwamba anwani ya banda si makazi ya mtu, kwamba kulinda ndege kwenye kiti si ndoa, na kwamba Bibi Stobbs alieleza hali ya nyumba yake kwa ukweli mara ilipobadilika, na tangu hapo haijabadilika. Hakulipwa kupita kiasi hata peni. Deni lote limefutwa, na vyote alivyokatwa arudishiwe.

Norma akauliza, "Mtaliandika hilo?"

"Tutaliandika," hakimu akasema.

Weee! Nilipiga kigelegele humo ndani ambacho Newcastle haijawahi kukisikia, mlinzi akachungulia mlangoni. Eddie alinikumbatia, akamkumbatia kijana wa Ofisi, akataka kumkumbatia hakimu, Norma akamvuta koti. Njiani tukasimamisha gari, Norma akampigia simu yule bwana wa Blyth. "Jumamosi usije," akamwambia. "Jumamosi tuna mashindano." Tulipofika Norma alipitiliza moja kwa moja hadi bandani na viatu vyake vizuri. Nilimfuata, ndiyo, mimi, nikasimama katikati ya mavi na manyoya. Wote walikuwepo. Bi Kizee kakaa juu kabisa, anajichokonoa bawa kama hajafanya lolote.

Hela zilirudi mwezi uliofuata. Norma alinunua boila mpya ya kupasha nyumba joto, na mimi akaninunulia mwavuli mkubwa wa kufunikia nguo nilizoanika. Halafu akaenda chamani akaandikisha ndege wote kwa jina lake na anwani yake, mwanamke wa kwanza pale, na Eddie jina lake likafuata la Norma kwenye ubao. Wazee walipoguna, akawaangalia vile anavyowaangalia watoto na karoti.

Juzi Ofisi wamempigia simu ya kawaida ya kila mwaka. Nilikuwa kwake, akaiweka kwenye spika. Binti wa watu akauliza kwa adabu kama kuna mabadiliko yoyote kwenye nyumba, kama kuna mtu yeyote aliyehamia. Norma alikuwa ameshika kifaranga kiganjani, anakivisha pete ya kwanza, kifaranga cha Bi Kizee, kibaya hicho, uchi, mdomo mkubwa.

"Mtu hakuna, mwanangu," akasema. "Ila wameanguliwa wawili. Andika."