Miwani Ndani ya Kopo la Biskuti

“Furaha, ku tablo bameandika nini?”

Madamu, mwalimu wetu, aliniuliza swali hilo karibu kila siku nilipokuwa darasa la tano, katika shule ya msingi ya mtaani kwetu Kilibula, na hata siku moja sikuweza kulijibu kwa nguvu zangu mwenyewe. Nilisimama, nikashika ukingo wa benchi, nikatazama mbele. Huko mbele, penye ubao, niliona mstatili mweusi na juu yake ukungu mweupe, kama unga uliomwagika na kufagiliwa nusunusu. Darasa lilinuka chaki, na dirishani iliingia harufu ya ndagala, wale samaki wadogo, walioanikwa upande wa ziwa. Nilingoja Neema, tuliyekaa naye benchi moja, aninong’oneze. Akinong’ona, nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Asiponong’ona, nilisema, “Siyui, Madamu,” naye akaandika kitu katika daftari lake. Sikufikiri kwamba nina kasoro. Nilifikiri wenzangu wanajua tayari yaliyoandikwa, kwamba kuna mahali walipofundishwa kabla ya kuingia darasani, na siku hiyo mimi nilitumwa maji.

Hata ziwani ilikuwa vivyo hivyo. Jumamosi tulipoteremka kufua, Neema alikuwa akisimama juu ya jiwe, mkono kwenye paji la uso, na kutangaza habari za mbali. “Ona ule mutumbwi. Iko na bantu batatu, moya amesimama.” Mimi niliona mwanga tu, na nyuma yake rangi ya bluu iliyokolea, ambayo watu waliiita milima ya Burundi. “Unaongopa,” nilimwambia. “Minye naongopa? Uliza Sifa.” Sifa, mwenzetu aliyekuwa akifua kando, naye alisema ni watatu. Basi nikaamua kwamba wamepatana nyuma ya mgongo wangu. Rafiki zangu wa chuo kikuu hudhani tabia yangu ya kutoamini jambo lolote mpaka nilishike kwa mkono nimeitoa vitabuni. Niliitoa pale, juu ya mawe ya kufulia, nikiwa na miaka kumi.

Nyumbani hakuna aliyeweza kusema macho yangu ni mabovu, kwa kuwa macho mabovu yalikuwa ya mama. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, ikitazama njia ya sokoni, na alishona sare za shule, mashati meupe na sketi za bluu, pamoja na vitenge vya harusi. Mwaka ule alikuwa ameanza kuishika sindano mbali, mkono umenyooka kabisa, kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie ndani. Uzi ulipita kulia, ukapita kushoto. Halafu aliniita. Mimi niliileta sindano karibu na pua na kuupitisha uzi mara moja. “Huyu mutoto macho yake iko kama ya paka,” aliwaambia wateja, na mimi nilivimba kwa fahari.

Lakini nilikuwa nimekwisha kurudia darasa la tano mara moja. Jumapili moja baada ya misa, Madamu alimsimamisha mama nje ya kanisa na kumwambia, mimi nikiwa hapohapo nimeshika kitenge chake, “Mama Furaha, huyu akianguka tena, umutoe tu. Kuna bengine banangoja benchi.” Mama hakukasirika. Alijibu kwamba kando ya cherehani kuna kiti kingine. Mimi sikuchukia kushona. Nilichotaka ni kujua wanaandika nini kule mbele, na nilijua kwamba nikitolewa shuleni sitajua kamwe.

Wageni walikuja mwezi wa tano, mvua zilipokuwa zikiaga. Walikuwa vijana tisa kutoka Ulaya, wamevaa fulana za rangi moja, nao walilala katika nyumba ya wageni ya parokia. Tuliambiwa watakaa majuma matatu kutusaidia. Walipaka rangi madarasa mawili, na kwenye ukuta wa darasa letu wakachora twiga, mnyama ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona, wala baba zetu. Baba yake Neema, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, alikuja kila asubuhi, akasimama mikono nyuma, akatazama. “Banashika brosi kama kijiko,” alisema siku ya kwanza. Siku ya tatu alisema, “Ile rangi iko maji mengi.” Hakuna aliyemwuliza kitu, na yeye hakuingilia, kwani mgeni akikufanyia kazi humfundishi kazi.

Mmoja wao hakupaka rangi. Aliitwa Loti, msichana aliyekuwa akisomea mambo ya macho, na alizungumza Kifaransa cha polepole pamoja na Kiswahili cha kitabuni kilichotuchekesha, kwa kuwa alituamkia “Hamjambo?” na sisi tulizoea “Bonzuru”. Alitundika ukutani karatasi yenye herufi, kubwa juu na ndogo chini, akatupanga mstari. Mtu alisimama kwenye alama ya chaki, akafunika jicho moja kwa kiganja, akasoma. Mbele yangu walikuwa watoto kumi na mmoja. Masikio yangu yalikuwa yamezoea kazi hiyo. Ilipofika zamu yangu, nilizitaja herufi zote haraka, mstari kwa mstari, bila kosa. Loti alinitazama kidogo. Kisha akaichukua ile karatasi, akaigeuza kichwa chini, akaitundika tena. Nikasoma kama mwanzo, kwa mpangilio uleule.

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. “Ye! Karatasi imelala kichwa chini, yeye anasoma tu,” alisema mmoja. Madamu akatikisa kichwa kwa aibu mbele ya mgeni na kumwambia kwa Kifaransa kwamba huyo ni wa kumsamehe, ni mzito. Loti peke yake hakucheka. Alinipeleka kando, akafungua kitabu, akakirudisha nyuma taratibu mpaka nilipokunja macho, kisha akatoa mita laini kama ile ya mama ya kupimia nguo na kupima kutoka pua yangu mpaka kwenye ukurasa. Alipima mara tatu na kuandika. Mimi niliijua mita ile ina kazi gani. Nilikwenda nyumbani nikiamini kwamba mzungu ananishonea gauni.

Siku chache baadaye alifika kwetu. Mama alimpa bugari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, naye akala mpaka akamaliza, jambo ambalo mama alilisimulia kwa wiki nzima. Baada ya kula alimwona mama akipigana na uzi, na mimi nikiupitisha. Alicheka, akaonyesha macho ya mama kwa kidole, halafu yangu, akasema maneno mengi ya Kifaransa ambayo hatukuyaelewa. Mama alimjibu kwa Kiswahili, “Njo uzee, mama. Utafika na weye.” Wakaridhika wote wawili.

Waliondoka siku mbili kabla ya siku yao, kwa sababu kulikuwa na fununu kwamba mpaka utafungwa. Hakukuwa na sherehe. Gari lilisimama mbele ya shule, watoto tukalizunguka, na Loti akashuka mbio, akanitafuta, akaniwekea mkononi bahasha ngumu iliyofungwa. “Mama asome,” alisema. “Sawa? Mama asome.” Nilipokea kwa mikono miwili. Niliipapasa. Haikuwa gauni. Kwetu, kitu ambacho mtu mzima anampa mtoto ni cha wazazi wake, mtoto ni njia tu ya kukifikisha, na tena huyu alikuwa ametaja mama kwa kinywa chake. Sikuifungua. Niliipeleka barazani, nikamwambia mama, “Amesema usome,” na kwenda zangu kuteka maji.

Niliporudi, mama alikuwa amevaa miwani. Jirani zetu wawili walikuwa wamesimama mbele yake, wakimsifu kwamba amekuwa kama mkubwa wa shule. Hakuna aliyeshangaa kuwa ni ya kwake. Mzungu alikuwa amemwona na sindano, na katika mtaa wetu mzima miwani ilikuwa kitu cha wazee na mapadri. Mtoto mwenye miwani angeonekana anawaigiza wakubwa. Ilimbana mama kwenye panja. “Bazungu vichwa vyao iko vidogo,” alisema. Alijaribu sindano, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akanipa mimi. “Macho haiyazoea,” alisema.

Hayakuzoea. Lakini zawadi ya mgeni haitolewi kasoro, hata mgeni akiwa amekwisha kuvuka mpaka. Mama aliivaa kanisani kila Jumapili, akatembea nayo akinyanyua miguu juu kama anayepita mahali penye matope, na alipotaka kuona kitabu cha nyimbo aliishusha puani na kuchungulia kwa juu. Siku nyingine ilikaa ndani ya kopo la biskuti, imefungwa katika karatasi yenye maandishi madogo iliyotoka katika ileile bahasha. Nilimwomba anipe karatasi nimsomee. “Hapana. Ni mimi aliyeniambia nisome. Macho ikizoea, nitasoma mwenyewe.” Nilimwomba nijaribu miwani. “Miwani ya mukubwa inaharibu macho ya mutoto. Unataka nani atanitilia uzi?”

Mwezi wa saba niliposomewa matokeo, nilikuwa nimeanguka. Mwaka ule uliofuata nilikaa kwenye kiti cha pili, kando ya cherehani, nikitia uzi, nikifumua mishono, nikishona vifungo vya mashati ya Neema na wenzake. Asubuhi niliwasikia wakipita. Mama hakuwa mkatili. Alinipa kazi nzuri na kunisifu. Nilijaa maswali tu, nikayaelekeza kwa wateja, mpaka mmoja wao akamwambia, “Mama Furaha, rudisha huyu ku shule, ametuchosha.” Mama alicheka, lakini mwezi wa tisa alinishonea sare. Madamu alikuwa amehamishwa. Mwalimu mpya hakunijua, ila siku ya pili aliona naongea mno, akanihamishia benchi ya mbele kabisa kama adhabu, pua yangu karibu na ubao. Adhabu hiyo iliniponya. Sikuwahi kuanguka tena.

Miwani yangu mwenyewe niliipata Bukavu, mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, daktari mmoja aliponiuliza kwa upole nimefikaje huko. Nilipotoka nje niliona kwamba miti ina majani mojamoja hata juu kileleni, na nikamkumbuka Neema na watu wake watatu wa mtumbwi. Niliona haya. Lakini sikuacha kutilia shaka mambo, na jambo nililolitilia shaka kuliko yote lilikuwa vijana wanaokuja kutusaidia kwa majuma matatu. Niliandika juu yao, nikabishana juu yao, na kila mara nilitoa mfano wa miwani ya mama: wanakusanya vitu vilivyotupwa kwao, wanamvisha mtu asiyeona karibu miwani ya kumzidishia upofu, wanapanda gari. Watu walicheka na kukubali. Ulikuwa mfano mzuri.

Bado naamini sehemu kubwa ya hayo. Sasa naishi mtaa wa Songo, na nikienda kwa mama hupita kwenye ile shule. Rangi yenye maji mengi ilibanduka mapema; baba yake Neema alipaka upya, na kwa heshima akamwacha twiga, ambaye amebaki shingo na sikio moja. Ziwa limepanda, mawe yetu ya kufulia yako chini ya maji. Mwaka huu nilimpelekea mama miwani ya kusomea, iliyopimwa kwa macho yake. Aliivaa, akachukua sindano, akatia uzi mara moja. Kisha akainuka, akaleta kopo la biskuti, akafungua ile karatasi juu ya meza ya cherehani. “Sasa naweza,” alisema. “Alisema mimi njo nisome.”

Ilikuwa barua fupi, upande mmoja Kifaransa, upande mwingine Kiswahili cha kitabuni chenye makosa, kilichoandikwa kwa kufuta na kurudia. Mama aliisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Ilimsalimu, ikamshukuru kwa sombe. Ikasema kwamba Furaha si mzito, ila mwisho wa macho yake ni sentimita ishirini na tano kutoka puani, na aketishwe benchi ya mbele. Miwani hii, mama alisoma, kisha akarudia mstari huo tangu mwanzo, ni ya mtoto. Avae kila siku darasani.