Neno Sumu

Kofi la kwanza nililompiga binti yangu lilikuwa kwa ajili ya ndagala mmoja. Alimwokota kwenye samaki waliokuwa wameanikwa ufukweni pale Ruziba, akamtia mdomoni, nikamzaba kofi hadi samaki akaruka. Amezaliwa na mwili usioweza kumudu protini. Samaki, maharage, maziwa, nyama, vyote vinamchafua damu mpaka anatapika na kupoteza fahamu. Daktari alisema kwake hiyo ni sumu, nami nikamfundisha hivyohivyo: chakula cha watu ni sumu. Ningemwambia nini kingine mtoto wa miaka mitano?

Siku jirani yetu alipofanya sherehe ya ubatizo wa mwanawe, alimpakulia binti yangu maharage na ndagala kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wageni. Mtoto akarudi nyuma.

"Apana. Mama anasema chakula yenu iko na sumu."

Kwetu neno hilo halisemwi mbele ya sahani ya mtu. Ni kumwita mchawi. Muziki ulizimwa.

"We mwanamuke, unatuita walozi?"

Jirani alinirukia, akanishika nywele. Nilijaribu kueleza ugonjwa, nani asikilize? Shemeji zake wakaniangusha, teke likanipata mbavuni, chupa ya bia ikapasuka karibu na sikio langu. Nami sikulala tu. Niling'ata mkono wa mtu mpaka nikaonja damu, na ningepata kisu siku ile ningekitumia.

"Muache mama! Muangalie!"

Binti yangu alikuwa amechuchumaa kwenye ile sahani, mashavu yamejaa, akishindilia maharage mdomoni kwa mikono miwili. "Muangalie, nakula. Apana sumu. Muache mama yangu."

Wakaniachia. Mmoja hata alimpigia makofi.

Nilimvamia mtoto, nikamkandamiza magotini, nikamtia vidole kooni. Alining'ata, akarusha miguu, akalia kwa sauti ambayo hadi leo naichukia. Jirani alipiga kelele kwamba namuua. Niliendelea mpaka maharage yakamwagika kwenye viatu vya wageni, kisha nikambeba nikakimbilia barabarani kutafuta teksi ya kutupeleka hospitali.

Ndani ya gari alikuwa bado anatapika, na kila alipopata pumzi aliuangalia mkono wangu.

"Mama," aliuliza, "utanipiga?"