Mifuko Sabini kwa Saa

Asubuhi ya kwanza nilikuta sindano zote mbili za cherehani yangu zimevunjwa.

Nikasema bahati mbaya.

Asubuhi ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Jamani, laini yetu ina cherehani arobaini. Kwa nini yangu tu?

"Umetumiwa thokolosi wewe, kile kijitu cha kichawi," dada mmoja akaninong'oneza. "Kuna mchawi hapendi unavyong'aa."

Mamokete, anayekaa nyuma yangu, akacheka. "Thokolosi gani anajua cherehani? Shona, mwanangu, acha umbea."

Naitwa Limpho. Kiwanda chetu kiko Maputsoe, Lesotho, tunashona jinzi. Mimi ni wa mifuko ya nyuma.

Shuleni nilikuwa wa kwanza miaka mitatu mfululizo. Marehemu baba alirudi kutoka migodini na mapafu mabovu, ila hadi anaingia kaburini alikuwa na neno moja: "Kazi usiiache nusu." Ada ilipokosekana, nikaileta bidii yangu yote kiwandani.

Aliyenifundisha ni Mamokete. Mama wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye utani. Alinishika vidole kama anayemfundisha mtoto kuandika. Mchana tulikula papa, ugali wetu wa mahindi, kwenye bakuli moja.

Lengo letu lilikuwa mifuko hamsini kwa saa. Mimi nikafika sitini. Halafu sabini.

Siku moja Ntate Letsie, yaani Mzee Letsie, msimamizi wetu, akasimama nyuma yangu na saa mkononi. Nikajua ananipima. Weee! Nilishona kama ninafukuzwa na mbwa.

Akanipigia makofi mbele ya watu wote. Nilijiona mtu, kwa kweli.

Ijumaa ile ubao wa lengo ukabadilishwa. Sabini, kwa kila mtu.

"Limpho ameweza," akasema. "Ninyi mna mikono mingapi?"

Asiyefikisha kwa wiki mbili, nje.

Hakuna aliyenisalimia siku ile, isipokuwa Mamokete. Na Jumatatu ndipo sindano zikaanza kuvunjika.

Kiwandani kwetu hupewi sindano mpya mpaka urudishe kila kipande cha ile iliyovunjika, kisije kikabaki ndani ya nguo. Kwa hiyo kila asubuhi nusu saa nzima nilitambaa sakafuni nikitafuta vipande, wenzangu wakinipita.

Siku ya tatu uvumilivu ukaisha. Nikaenda kwa Ntate Letsie.

"Mzee, kuna mtu ananihujumu."

"Niachie mimi," akasema.

Alhamisi, kabla ya king'ora, alijificha nyuma ya marobota ya vitambaa. Nilipofika getini nikasikia kelele ndani. Nikakimbia.

Alikuwa amemshika mkono Mamokete.

"Mama, ni wewe?"

Hakukana. Aliinua mikono yake nikaitazama, labda kwa mara ya kwanza. Vifundo vimevimba, vidole viwili havikunjiki.

"Siwezi sabini, Limpho. Hata kumi na tano waliokaa nyuma yangu hawawezi. Nikadhani ukichelewa siku chache, watasema sabini haiwezekani, waturudishie hamsini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali kushona polepole? Wewe?"



Alitolewa siku hiyohiyo. Nikajaribu kuwaokoa waliobaki, nikashona hamsini kwa saa mchana kutwa. Ntate Letsie akainama sikioni kwangu: "Unaumwa?"

"Hapana, mzee. Sabini ni nyingi."

"Uliziweza," akasema, akaondoka zake.

Mwezi haukuisha, wanawake kumi na mmoja wakawa nyumbani.

Nilikwenda kwa Mamokete kuomba radhi. Alikuwa anafua blanketi uani, kwa viganja tu, vidole vimesimama pembeni.

"Radhi ya nini? Kufanya kazi? Kazi si nilikufundisha mimi," akasema. Akakamua maji. "Nisaidie jambo moja. Binti yangu Puseletso amemaliza shule. Mwingize pale. Ana mikono myepesi."

Nilitaka kukataa. Lakini mle ndani hamkuwa na mtu mwingine wa kuleta unga.

Nikamwombea nafasi, akapata. Msichana mzuri, hana maneno, hapotezi dakika. Akikosea mshono anaufumua mwenyewe bila kuambiwa.

Wiki iliyopita Puseletso alifikisha mifuko themanini na tano.

Leo asubuhi ubao umeandikwa themanini na tano. Mimi, nikijiua kabisa, ninafika sabini na nane.

Ndugu yangu unayesoma, sikwambii uwe mvivu. Baba alinifunza kweli na sijutii. Lakini ukisifiwa kazini, kabla hujaongeza mwendo, mtazame anayekaa nyuma yako. Mimi sikugeuka. Na leo Puseletso ameinamia cherehani yake mbele yangu, naye hageuki.